Usingoje Mkanda wa Taimingi Ukatike

Ndugu mkulima wa kando ya Tana, wewe upelekaye matikiti Nairobi kwa Land Cruiser au Hilux ya dizeli, yafaa uujue mkanda wa taimingi. Mkanda huo wa mpira ndio unaozifanya valvu zifunguke kwa kupatana na mwendo wa pistoni. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, injini huharibika, na matikiti yako huoza juani.

Katika Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, taa ya mkanda huwaka kila kilomita 100,000. Lakini taa huhesabu mwendo tu. Haioni vumbi letu, joto, wala oili inayovuja na kuuharibu mpira. Kwa maoni yangu, huku Garissa 80,000 zatosha. Gari lililokwisha tumika, usilojua habari zake, libadilishe mkanda mara ulinunuapo.

Tena usikubali kubadilishiwa mkanda peke yake. Beringi ya kuukaza na sili za oili ziko papo hapo, na kazi ya kuzifikia umekwisha kuilipia. Beringi kuukuu ikikwama, itauharibu mkanda mpya. Mwambie fundi akuonyeshe vyote alivyotoa, kisha andika kilomita kwa rangi juu ya kifuniko cha mkanda.