Njiti zimebaki, ubavu umekwisha

Dukani kwangu Tandika, mama wa vitumbua hunirudishia kiberiti alfajiri: "Kaka, njiti zako mbovu." Namkatalia. Kichwa cha njiti kina klorati ya potasiamu inayotoa oksijeni, salfa inayowaka na gundi. Fosforasi nyekundu, mwanzishaji wa moto, haimo humo. Imepakwa ubavuni mwa boksi pamoja na unga wa kioo. Msweden Gustaf Erik Pasch alivitenganisha hivyo mwaka 1844. Fosforasi nyeupe ya viberiti vya zamani iliozesha mataya ya wafanyakazi viwandani, hadi mkataba wa Bern wa 1906 ulipoipiga marufuku.

Sasa, mtengenezaji anayebana gharama hubania ubavuni, maana huko mteja hachunguzi. Ukanda unapakwa mwembamba, unyevu wa masika unaulainisha, unachubuka, na njiti nzima zinabaki bila pa kukwaruziwa. Boksi linatangaza idadi ya njiti tu! Nataka Shirika la Viwango Tanzania lidai ukanda uwashe njiti zote zilizomo, na lipime hilo kwa boksi zilizonunuliwa madukani Temeke mwezi wa Aprili, si zilizoletwa na kiwanda chenyewe. Bei ikipanda kidogo, nitauza hivyo hivyo.