Umechoka au Unaumwa?

Neno "nimechoka" hapa chuoni limebebeshwa mizigo mingi mno. Bumu likikata, umechoka. Na ukiitwa "choka mbaya" hapo, anayesemwa ni mfuko wako, usingizi haumo kabisa. Ukikesha kwa ajili ya UE, umechoka, au uko hoi, na ukitaka kuongeza chumvi, hoi bin taabani. Mpenzi akikuzingua, umechoka pia. Na malaria ikiwa kwenye damu, unasema hivyo hivyo: "Nimechoka tu, mwanangu."

Hilo "tu" ndilo linaloniogopesha.

Jibu lake kila mtu analijua: "Kaza buti!" Muhula uliopita jamaa mmoja wa hosteli aliambiwa akaze buti siku tatu mfululizo. Siku ya nne akapakizwa bodaboda, kashikiliwa kwa nyuma asidondoke, hadi zahanati. Malaria. Tangu Jumatatu alikuwa anasema viungo vinamuuma na mdomo mchungu, ila alianza na "nimechoka", basi wenzake wakasikia habari za bumu.

Tuko Tabora, jamani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani hapa, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine ya Tanzania Bara. Uchovu wa ghafla hapa si wa kutaniwa.

Kukaza tumekurithi, najua. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea zaidi ya kilomita 800 hadi Bagamoyo na mzigo wa kilo 30 hivi begani, na kijana ambaye hajafika Pwani hakuhesabiwa mwanaume kamili. Naiheshimu historia hiyo. Ila hata misafara ilikuwa na vituo vya kupumzika.

Salamu zetu nazo zinachangia. Wazee wanasema, "Sijambo, ila naumwa." Naipenda hiyo "ila": adabu imetimia, ugonjwa umetajwa. Sisi tunajibu "poa" huku tunatetemeka, halafu mazungumzo yameisha.

Kwa hiyo mtu akisema amechoka, muulize swali la pili: umechoka mwili au mfuko? Akitaja homa, kichwa au viungo, mpeleke akapime kabla hajanunua dawa mseto kwa kubahatisha. Na sisi wa ualimu tulizoee swali hilo mapema, maana tukienda fildi, mtoto anayesinzia dawati la nyuma hatasema ana homa. Atasema, "Nimechoka, mwalimu."