Maelezo ya Amri Yapangwe kwa Kazi

Leo nataka tujadili jinsi maelezo ya amri za kompyuta yanavyopangwa. Msicheke, jambo hili latuhusu.

Stima ikipotea ghafla kompyuta ikiwa kazini, mpangilio wa faili ndani ya diski huweza kuvurugika. Katika Linux, programu iitwayo e2fsck hukagua mpangilio huo na kuurekebisha. Huielekeza kwa herufi. Ukiandika -n, husoma diski tu na kujijibu "la" kwa kila swali, bila kubadilisha kitu. Ukiandika -y, hujijibu "ndiyo" kwa kila swali na kurekebisha bila kukuuliza. Baada ya marekebisho hayo, faili nyingine hujikuta katika folda ya lost+found, jina limepotea, imebaki namba tu!

Sasa tazama maelezo yake. Herufi zote zimepangwa kialfabeti, ya kutazama na ya kubadilisha pamoja, ati ni ndugu. Mtindo huu ni wa kale. Hata kitabu cha kwanza cha Unix, cha Novemba 1971, kilipanga amri za kila sehemu kialfabeti.

Sikatai, alfabeti humfaa anayejua anachokitafuta. Lakini je, mgeni? Yeye haulizi "-n ni nini?" Huuliza, "Nitatazamaje diski bila kuiharibu?" Alfabeti haimjibu.

Wengine watasema kwamba onyo limo. Kweli limo: si salama kurekebisha diski ambayo bado inatumika. Lakini limo ndani ya aya, na mwenye haraka huruka moja kwa moja hadi kwenye orodha. Kwani ni nani asiyejua haraka za maabarani kengele ikikaribia?

Maoni yangu ni haya. Onyo liwe juu kabisa. Kisha zifuate herufi za kutazama, halafu za kurekebisha. Alfabeti ikae mwisho, kama faharasa. Chama chetu kiandike ukurasa mmoja hivyo, kwa Kiswahili, tuubandike maabarani. Tukumbuke kwamba miradi ya KCSE ya ndugu zetu wa kidato cha nne imo katika diski hizo.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Basi hata kwenye karatasi, tahadhari itangulie.