Nimenenepa, Lakini Si kwa Raha

Jamani wasomaji wangu, kuna neno linaloniudhi kama "umenenepa"? Kwetu Jorodom ni pongezi. Mtu akikukuta mnadani Katesh anakutazama mashavu, hukumu inatoka palepale: "Dada, maisha yamekunyookea!" Hajui mashavu haya ni ya prednisoloni. Dawa hiyo huujaza uso ukawa duara kama sahani, miguu ikabaki ileile ya kuku.

Kabla ya mashavu kulikuwa na manjano. Macho yalipobadilika rangi, mtaa ulikuwa na jibu tayari: pombe. Mimi ambaye pombe ya asali naisikia harufu tu harusini! Wengine wakadai ni ya kuambukiza, kikombe changu kikaanza kuoshwa peke yake. Vipimo vya virusi B na C havikuonyesha kitu. Mwisho nikachomwa sindano ubavuni kunyofoa kinyama cha ini, ndipo jina likapatikana: homa ya ini inayoletwa na kinga ya mwili yenyewe.

Yaani askari wa mwili wameacha vijidudu, wanapiga ini. Haiambukizi. Wagonjwa wengi ni wanawake, ingawa mwaka 2005 madaktari wa London waliandika habari za vijana wa kiume wa Kisomali walioipata.

Na hao askari wakishaasi, mara nyingi hawatosheki na kiungo kimoja. Mwenzenu nina baridi yabisi ya vidole, na tezi ya shingoni imezubaa, haitoi homoni ya kutosha. Kidonge cha tezi nakimeza tumbo tupu, prednisoloni na chakula, kisha azathioprini. Vidole vikiuma, diklofenaki ambayo wenzangu wanainunua dukani kama pipi mimi siigusi bila ruhusa, maana inaweza kuliumiza ini. Ukitibu huku, unachungulia kule.

Sasa sikieni. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulimomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka Katesh na kwetu Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisi tulitoka na nguo za mwilini, kopo langu la dawa likaenda na tope.

Msidhani ni suala la kuvumilia tu. Ukiitumia prednisoloni muda mrefu, mwili unasahau kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ikikatwa ghafla, presha inaweza kuanguka, ukazimia, hata ukafa. Na ini nalo linaweza kuwaka upya.

Niliona haya. Utaombaje vidonge wakati jirani anatafuta mtoto? Mama mdogo hakuona haya hata kidogo. Alimfuata nesi kwenye kambi ya waathirika: "Mwanangu, huyu asikudanganye na unene wake. Bila dawa hafiki keshokutwa." Nesi wa watu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alizunguka hadi jioni akarudi na vya siku 5. Sikumjua jina.

Tangu hapo vya wiki moja natembea navyo pindoni mwa kanga, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake. Vya wiki nyingine viko kwa mama mdogo, aliyehamia Nangwa. Anavihesabu kila Jumapili, na kikipungua kimoja nahojiwa kama mwizi wa kuku.