Mekatilili Si Sungura

Juzi mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya msingi, alinijia na kitabu mkononi akaniuliza: "Mjomba, Mekatilili aliishi kweli, au ni kama Sungura?" Nilikipekua kitabu hicho. Katika sura iliyoitwa hadithi za kale walikuwa wamerundikwa pamoja Sungura na Fisi, Gikuyu na Mumbi, Lwanda Magere, na Mekatilili wa Menza. Sikumlaumu mtoto.

Ngano haidai kuaminiwa. Nyanya asemapo "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", huwa tumekwisha kuafikiana kwamba Fisi atasema na hakuna atakayemdai ushahidi. Kisasili ni jambo jingine kabisa. Masimulizi ya Gikuyu na Mumbi kule Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, yaeleza chanzo cha Agikuyu na koo zao, zilizopewa majina ya binti za wawili hao. Ayasimuliaye hachezi, anatamka yeye ni nani na ardhi yake aliipata wapi.

Mighani nayo humtwaa mtu aaminiwaye kuwa aliishi, ikamkuza. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, akauawa kwa mkuki uliochoma kivuli chake baada ya mke aliyetoka kwa maadui kuitoa siri. Fumo Liyongo naye aliponzwa na kitovu, na kaburi lisemwalo kuwa lake liko Kipini. Hapo wataalamu huvutana, nami nawaachia.

Lakini Mekatilili? Huyu Waingereza walimkamata mwaka 1913 kwa kuwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi ya shuruti, wakampeleka Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Mwaka 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Wakoloni wenyewe waliyaandika hayo. Ni kweli kwamba kuna kisa cha kuku na vifaranga, ambapo yasemekana alimtaka afisa wa kikoloni ajaribu kumnyang'anya kuku mtoto wake. Hicho kina harufu ya mighani, na sioni ubaya kisimuliwe. Ubaya ni kumtia mama huyu kapu moja na Sungura, kwa maana kiumbe cha kubuniwa hakunyang'anywa kitu, wala wajukuu wake hawana la kudai.

Waandalizi wa vitabu vya shule na wamhamishie kwenye historia.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba aliishi. Akaniuliza mbona basi kitabu hakisemi alikamatwa na nani.