Dakika Iwe ya Mwanafunzi, Wiki Iwe ya Mwalimu

Katika viwanda vya kahawa vya Othaya na Mukurwe-ini kuna uamuzi mmoja ambao hauachiwi saa ya ukutani. Kahawa ikishamenywa, punje hulazwa tangini ili ute unaozifunika uchachuke na kulegea. Usiku wa baridi kazi hiyo huchelewa, usiku wa joto huwahi, na fundi hawezi kujua imeiva lini mpaka atie mkono, achote punje kiganjani na kuzisugua. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, maji yafunguliwe zioshwe. Langoni mambo ni mengine: kahawa iliyochumwa leo hupokelewa leo, na hapo hakuna mjadala. Lango lina saa, tangi lina mkono.

Kozi nyingi za mtandaoni zimeyageuza haya juu chini. Zimeweka saa tangini. Slaidi inakuja, sauti inasoma, na kabla hujamaliza mstari wa tatu slaidi imeondoka yenyewe. Au ni kinyume chake: umeshasoma, umeshaelewa, lakini kitufe cha kuendelea kimefungwa mpaka msimulizi amalize hotuba yake. Moja inakukimbiza, nyingine inakufunga kamba, na zote mbili zimekunyang'anya kitu kilekile: haki ya kusema, "Hapa nimefika, twende," au "Hapa sijafika, ningojee."

Masomo ya mtandaoni si mageni kwa miji ya Mlima Kenya. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, lilianzisha mafunzo ya kielektroniki ya kuwatoa wauguzi kwenye cheti na kuwafikisha kwenye stashahada. Waliolengwa nchini kote walizidi 20,000. Kuwaita wote chuoni kungeacha wodi bila watu, kwa hiyo ikabidi darasa limfuate muuguzi kazini. Machi 2020, korona ilipofunga madarasa, vyuo vikuu vya Dedan Kimathi hapa Nyeri, Karatina, Kirinyaga kule Kutus, Embu, Chuka na Meru vikalazimika kutegemea skrini. Na Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapewa hati yake, kikiwa kimejengwa juu ya masomo ya mtandaoni tangu msingi.

Sasa mfikirie muuguzi wa zamu ya usiku anayefungua kozi yake saa nane, wodi ikiwa imetulia. Slaidi ya nne inaeleza kipimo cha dawa ya mtoto kwa kilo. Kengele inalia kitanda cha pili. Anarudi baada ya dakika kumi na kukuta somo limefika slaidi ya kumi na tisa, na mfumo umemwandikia kwamba amesoma zote. Mwingine yuko nyumbani Tetu, mtandao unashika na kuachia. Sauti inakwama, inarudi, na kufikia hapo picha na maneno vimeachana njia. Anayetaka kurudia huanza upya, na kila kuanza upya kunakula bando.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwanafunzi wa huku huwaza kwa Kikuyu au Kimeru, hununua sokoni kwa Kiswahili, na kusoma slaidi kwa Kiingereza. Anayesoma kwa lugha yake ya tatu haendi kwa mwendo wa aliyeirekodi studioni. Kuwapimia wote wawili dakika zilezile ni kumtoza mmoja ushuru ambao mwingine halipi.

Utafiti unaunga mkono kumsubiri mwanafunzi hivi. Mwaka 2001 Richard Mayer na Paul Chandler walichukua maelezo ya picha na sauti kuhusu jinsi radi inavyotokea, ya sekunde 140 tu, wakayakata vipande 16. Baadhi ya wanafunzi waliyatazama mfululizo. Wengine waliona kipande, kikasimama, nao wakabonyeza kitufe walipokuwa tayari kwa kinachofuata. Yalipokuja maswali ya kutumia walichojifunza kutatua jambo jipya, waliobonyeza wenyewe ndio waliofanya vizuri zaidi. Akili hubeba mambo machache kwa wakati mmoja. Ukimmiminia mtu la pili kabla hajalipanga la kwanza, yote mawili yanamwagika.

Kisha kuna watu ambao kwao kujipangia mwendo ndio mlango wenyewe wa kuingilia somo. Kijana aliyetoka shule ya viziwi ya Kerugoya hutegemea maandishi chini ya video, na lazima agawe macho kati ya maneno na mchoro. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini, nayo huhitaji muda wake. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, iliyotolewa mwaka 2008 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka mtumiaji aweze kuzima, kurekebisha au kuongeza muda aliowekewa, isipokuwa katika hali chache, kama pale ambapo muda wenyewe ndio kiini cha shughuli.

Wanaotetea kitufe kilichofungwa wana hoja, na haifai kuipuuza. Mwajiri au baraza la taaluma linalotoa alama za mafunzo endelevu linataka kujua kwamba mtu amesoma kweli. Tunawafahamu wanaobonyeza mbiombio mpaka mwisho ili wapate cheti. Ni kweli pia kwamba mgeni wa somo mara nyingi hudhani ameelewa kabla hajaelewa. Lakini saa inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba skrini ilikuwa inawaka. Mwenye skrini anaweza kuwa jikoni akigeuza githeri. Muuguzi aliyenawa mikono kabla ya kila mgonjwa kwa miaka ishirini haongezi ujuzi kwa kushikiliwa dakika tano asikilize namna ya kunawa. Ukitaka kujua kama mtu ameiva, tia mkono: mwulize swali. Maswali mawili ya maana baada ya kila kipande, yanayomrudisha aliyekosea mahali alipokosea, yanamkamata mvivu ambaye saa ingempitisha.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: uhuru huzaa ahirisho. Katika kozi huria za mtandaoni zinazofunguliwa kwa umma duniani, mara nyingi wanaomaliza hawafiki mmoja kati ya kumi wa walioandikishwa. Ukimwambia mtu "maliza utakapoweza" katika msimu wa kuchuma kahawa, ataweza mwakani. Hapo nakubaliana na wenye saa, ila waiweke langoni. Kazi ya wiki ya tatu ikusanywe mwisho wa wiki ya tatu. Mtihani uwe na siku yake. Mpangilio wa mada pia ubaki kwa mwalimu, kwa kuwa mwanafunzi mgeni hajui kipi kinatangulia. Dakika iliyo ndani ya somo ndiyo irudishwe kwa anayejifunza.

Gharama yake si ya kutisha. Somo la saa nzima likatwe vipande vifupi. Slaidi isiondoke bila kubonyezwa. Kuwe na kusimamisha, kurudi nyuma, kuharakisha sauti na kuipunguza. Mfumo ukumbuke mtu alipoishia mtandao ulipokatika, na maandishi mepesi yawepo kwa asiye na bando la video. Mengi ya haya yanahitaji mhadhiri abadilishe mipangilio tu, pengine na jioni moja ya kukatakata.

Kabla ya kuiachilia kozi, mwandaaji wake aifungue kwenye simu ya bei nafuu akiwa ndani ya matatu ya Nyeri kwenda Karatina, mtandao ukipotea na kurudi kila kilima, konda akidai nauli. Akishuka, ajiulize maswali ya slaidi ya nne. Akishindwa kuyajibu, punje bado zinateleza.