MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Gazeti la Kale Si la Kufungia Karanga



Juma lililopita mtoto wa mdogo wangu alikuja kuniamkia hapa Kasongo. Ukutani akaona picha ndogo iliyokwisha kugeuka rangi ya majani makavu: wanaume sita wamesimama mbele ya shule, mashati meupe, mikono nyuma. Akaniuliza, "Baba mkubwa, huyu wa pili ni babu. Na hawa wengine ni nani?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na kosa ni langu.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Katika miaka ya 1950 alikuwa akipokea magazeti ya Kifaransa yenye picha, yaliyoeleza habari za vitabu, mashairi na sanaa. Akiisha kuyasoma, huyapanga katika sanduku la bati chini ya kitanda. Siku moja, ningali kijana, nililifungua sanduku lile bila ruhusa, nikakata kwa mkasi picha zote zilizonipendeza. Ile ya walimu niliikata vizuri sana, pembe nne sawasawa, na maneno madogo yaliyokuwa chini yake nikayatupa. Kumbe maneno yale ndiyo majina yao! Masalio ya magazeti yakaenda sokoni kufungia karanga. Baba hakunipiga. Aliniambia tu, "Mwanangu, umehifadhi nyuso, ukawazika wenyewe."

Huenda mtu akasema, "Karatasi kuukuu ina faida gani?" Basi, tutazame kwanza mfano wa nchi yetu. Katika mwaka 1870 msafiri David Livingstone alilala miezi mingi mahali alipopaandika Bambarre, ndipo Kabambare, akiugua vidonda vya miguu. Karatasi zake zikamwishia. Akaanza kuandika juu ya kurasa za vitabu na magazeti ya zamani. Mwaka uliofuata alitumia gazeti moja la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akipitisha mwandiko wake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huku. Katika karatasi hizo aliandika pia habari ya mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871. Wino ukafifia hata maneno mengi hayakusomeka tena. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma, kwa kuzipiga picha kurasa hizo chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Gazeti lile lingalifungia karanga, maneno yake ya kwanza, aliyoyaandika kabla ya kuyapanga upya, yangalipotea kabisa.

Sasa tuvuke bahari. Huko Paris, Édouard Charton alianzisha mwaka 1860 gazeti la safari lenye picha nyingi, jina lake Le Tour du Monde, nalo liliendelea hata 1914. Humo Wafaransa walisoma safari za Cameron, aliyepita Maniema mwaka 1874, na za Stanley, aliyepita mwaka 1876. Leo wakusanyaji hulitafuta kwa ajili ya picha zake. Lakini tusidanganyike. Picha nyingi zilichorwa na mafundi waliokaa Paris, kwa kufuata michoro, picha au maelezo ya wasafiri, kisha zikachongwa juu ya mbao ili zipigwe chapa. Fundi aweza kuchora mtu wa Afrika bila kuonana naye hata siku moja. Picha ya namna hiyo ni shahidi, lakini shahidi huhojiwa. Na utamhoji namna gani, ikiwa ukurasa wenye maelezo umekwisha kukatwa? Maana wapo wafanyabiashara wanaorarua vitabu hivyo ili wauze kila picha peke yake katika fremu. Ni kosa langu lile la mkasi, ila wao hulifanya kwa fedha.

Waafrika nao walikuwa na magazeti yao katika lugha hiyo. Mwaka 1947 Alioune Diop wa Senegal alianzisha Présence Africaine huko Paris, na mwaka 1951 toleo moja zima lilihusu sanaa ya watu weusi. Kwetu Kongo, La Voix du Congolais lilitoka Léopoldville tangu 1945 hata 1959. Mkuu wake alikuwa mshairi Antoine-Roger Bolamba, na Patrice Lumumba ni mmoja wa walioandika humo. Magazeti kama hayo yaliingia katika nyumba za walimu na makarani. Kisha ukaja uasi wa 1964, zikaja na vita za miaka ya nyuma. Nyumba zikaungua, watu wakakimbilia msituni. Nani angebeba magazeti, naye ana mtoto mgongoni? Kwa hiyo machache yaliyosalia yana thamani kubwa.

Kuyatunza si kazi ya matajiri tu. Yaweke mbali na ardhi, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Mbali na jua pia, maana karatasi ya magazeti hugeuka manjano, kisha huvunjika kama jani kavu. Ondoa pini zenye kutu. Usiunganishe mpasuko kwa utepe wa gundi, maana gundi huacha doa. Yafunge kwa kitambaa safi kikavu. Katika daftari andika jina la gazeti, namba yake, tarehe yake, na nani alikuwa mwenyewe. Zaidi ya yote, usikate kitu. Picha na maneno yake ni mume na mke, usiwatenganishe.

Na ile picha yangu? Jumamosi, mimi na mtoto yule tuliichukua, tukashika njia ya Kabambare mpaka kwa mama mmoja mzee, mjane wa mwalimu. Aliishika karibu na macho kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya mtu wa tano. "Huyu ni bwana wangu," akasema, "na huyu wa kando yake ndiye aliyetushikia mtoto wetu wa kwanza siku ya ubatizo." Akawataja wote wawili kwa majina. Mtoto akaandika kwa kalamu ya risasi juu ya bahasha, kila jina mahali pake. Mama akaomba asomewe tena, polepole.

Sasa watatu wana majina, na watatu hawana bado. Wazee wanaoweza kuwataja wanapungua kila mwaka. Basi, baba na mama wa nyumba, jioni hii fungueni sanduku, mwiteni mzee, mketi naye penye mwanga. Mkasi uacheni mahali pake.